Safari ya Mitumbwi Iliyokatizwa na Tufani

Mimi nilizaliwa kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Ludewa, mahali ambapo milima ya Livingstone inashuka mpaka kwenye maji, na mtu hana pa kulima ila vishamba vya muhogo kwenye miteremko. Kwetu mtoto hujua kupiga kafi kabla hajajua kusoma. Basi mwanangu aliponiletea habari kutoka Marekani kwamba nitakapokwenda kumtazama atanichukua porini siku tano kwa mitumbwi, tukilala katika mahema, nilicheka peke yangu. Nikasema, haya ni mambo: nivushwe bahari kwa ndege, nikafanye huko kwa starehe kazi ambayo nimeifanya hapa kwa shida miaka ishirini!

Hata hivyo nilikwenda. Mwanangu anakaa Saint Paul katika jimbo la Minnesota, na huu ni mwaka wa kumi na saba tangu aondoke nyumbani. Ni muuguzi. Ana mke na mtoto mmoja wa kiume, miaka tisa, ambaye nilikuwa sijapata kumwona kwa macho ila kwa simu. Mtoto huyo nilimchukulia zawadi ya shati la kitenge, lenye picha za samaki, nililoshonesha kwa fundi wetu pale kijijini. Alilipenda mno. Alilivaa siku ile niliyofika, akalala nalo, na siku ya safari akakataa kabisa kulivua. Naomba msomaji alikumbuke shati hilo, maana atalisikia tena.

Tuliondoka Saint Paul mwisho wa mwezi wa nane, siku chache kabla shule za huko hazijafunguliwa. Tulikuwa wanne: mwanangu, mjukuu wangu, mimi, na Mzungu mmoja, mwalimu mstaafu, rafiki wa mwanangu, ambaye amekwenda katika maziwa yale tangu ujana wake. Tulisafiri kwa gari karibu kilomita 400 kuelekea kaskazini mpaka mji mdogo uitwao Ely, kisha kilomita nyingine kama 30 katika msitu mpaka mwisho wa barabara. Hapo barabara inakwisha kweli kweli. Mbele yake ni maji.

Sehemu ile Wamarekani huiita Boundary Waters, yaani maji ya mpakani, kwa kuwa iko mpakani mwa Marekani na Kanada. Ni ekari zaidi ya milioni moja za msitu, na ndani yake maziwa zaidi ya 1,000, mengine makubwa, mengine kama bwawa la ng'ombe. Ililindwa kwa sheria ya mwaka 1964, na tena kwa sheria nyingine ya mwaka 1978 iliyozuia injini katika maziwa yake mengi. Hakuna nyumba za kupanga, hakuna duka, hakuna nguzo ya umeme. Mtu huingia kwa kibali, na kundi moja halipasi kuzidi watu tisa na mitumbwi minne. Chupa za kinywaji na makopo ya chakula hayaruhusiwi. Huruhusiwi kulala popote upendapo, ila pale palipowekwa wavu wa chuma wa kupikia. Na nyuma kidogo, kati ya miti, kuna choo kisicho na paa wala ukuta. Mjukuu wangu aliogopa choo hicho kuliko dubu.

Nilimwuliza yule mwalimu: Je, watu hawakuwako hapa tangu zamani? Akasema walikuwako, na wako hata sasa. Ni Waojibwe, wenyeji wa nchi ile, ambao walitengeneza mitumbwi ya maganda ya mti mweupe, mepesi, iliyoshonwa kwa mizizi na kuzibwa kwa utomvu. Wafaransa wa Kanada waliokuja kununua ngozi za wanyama walijifunza mitumbwi hiyo kwao. Wapagazi wa biashara ile walibeba mizigo ya ratili 90, na desturi ilikuwa mtu mmoja kuchukua miwili kwa safari moja, mmoja juu ya mwingine, mgongoni, kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Niliposikia hayo nikawakumbuka wapagazi wa kwetu wa zamani, waliotoka bara kwenda pwani na pembe kichwani. Mwaka 1854 Waojibwe waliitoa nchi ile kwa serikali ya Marekani kwa mkataba, lakini walijiwekea haki ya kuwinda, kuvua na kuvuna, na mpaka leo huvuna mpunga wa mwitu uotao ndani ya maji. Mmoja husukuma mtumbwi kwa upondo, na mwingine huinamisha mabua kwa kijiti na kuyapiga kwa kijiti cha pili, mbegu zikaanguka ndani ya mtumbwi. Tuliuona mpunga huo umesimama katika ghuba moja, nikatamani kushuka niushike.

Sasa nieleze mtumbwi wenyewe, maana jambo hili watu wa nyumbani hawaniamini. Mtumbwi wa kwetu ni gogo lililochongwa; kuutoa msituni mpaka ziwani ni kazi ya vijana kumi na pombe ya mtungi mzima. Mitumbwi yetu ya kule ilikuwa ya kitambaa kigumu kiitwacho Kevlar, na uzito wake kama kilo 20. Mwanangu aliuinua peke yake, akaugeuza kifudifudi, akauweka mabegani, akatembea nao msituni kama mtu aliyevaa kofia kubwa. Hivyo ndivyo safari ya kule inavyokwenda: unapiga kafi mpaka mwisho wa ziwa, unashusha mizigo, unabeba kila kitu kwa njia nyembamba ya msituni, unafika ziwa jingine, unapakia tena. Njia hizo hupimwa kwa kipimo cha kizamani cha futi kumi na sita na nusu, ambacho ni karibu urefu wa mtumbwi mmoja. Ukiambiwa njia ni vipimo thelathini, basi hesabu mitumbwi thelathini iliyopangwa mmoja nyuma ya mwingine.

Maziwa tuliyopita hayana majina ya kujivunia. Yanaitwa Ziwa la Kwanza, Ziwa la Pili, la Tatu na la Nne. Baada ya hayo kuna ziwa liitwalo Hudson, na mbele yake Insula, ziwa kubwa lenye visiwa vingi sana. Insula ndiko mwanangu alikotaka kunipeleka. Alikuwa amekwenda huko mara moja, mwaka wa pili baada ya kufika Marekani, alipokuwa na upweke mwingi, na alituambia kwamba usiku ule, akiwa kwenye mwamba wa kisiwa kimoja, ndipo kwa mara ya kwanza alipojiona kama yuko kwao. Maneno hayo alikuwa hajapata kunieleza. Nilielewa kwamba safari hii ameitengeneza moyoni kwa miaka mingi, na kwamba si ya kutazama miti.

Siku ya kwanza ilikuwa njema kupita kiasi. Maji yalikuwa kama kioo. Rangi yake ni ya chai nyepesi, kwa sababu ya majani na matope ya vinamasi, lakini ni safi. Mwanangu na mtoto walikuwa katika mtumbwi mmoja, mtoto mbele. Mimi na mwalimu katika mwingine. Tulibeba mizigo mara mbili, tukafika Ziwa la Pili, tukapiga hema juu ya mwamba. Jioni tulimsikia ndege aitwaye luni, mweusi mwenye madoadoa meupe mgongoni na macho mekundu. Hulia kama mtu anayeomboleza, na mara hucheka kama mwendawazimu. Mjukuu wangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, aliniambia, "Babu, ndege huyo analia kwa sababu babu yake anakoroma." Nikajua kwamba utani ameurithi, hata kama lugha imempungukia.

Siku ya pili joto lilizidi. Upepo ulitoka kusini, mzito, wenye unyevu, na nzi wakatuuma miguuni bila huruma. Tulivuka Ziwa la Tatu mpaka la Nne. Hapo sura ya nchi ilibadilika. Pande zote palisimama vigogo vyeusi, vikavu, bila matawi, maelfu, na chini yake miche ya misonobari iliyobanana kama mahindi. Mwalimu akanieleza. Tarehe 18 Agosti mwaka 2011 radi iliwasha moto katika kinamasi karibu na kijito kiitwacho Pagami. Moto ule ulikaa ukifuka siku nyingi. Kisha tarehe 12 Septemba upepo mkali ukauamsha, ukakimbia kama kilomita 25 kwa siku moja, na ulipozimwa ulikuwa umekula ekari zipatazo 93,000. Miche ile ni ya msonobari ambao makoko yake yamefungwa kwa utomvu na hayafunguki vizuri mpaka yapate joto la moto. Sikupata kusikia mti wa namna hiyo.

Akanionyesha pia jambo jingine. Kabla ya kupiga hema, mtu wa kule hutazama juu kwanza. Tarehe 4 Julai mwaka 1999, sikukuu kubwa ya Wamarekani, tufani ya upepo wa kunyooka ilipita juu ya maziwa hayo mchana, wakati pori limejaa wageni. Iliangusha miti katika ekari zipatazo 477,000 za msitu ule wa serikali. Watu kama 60 walijeruhiwa, wengi kwa kuangukiwa na miti, na njia nyingi za kubebea mitumbwi zilizibwa. Ilibidi watu watafutwe kwa ndege, ziwa kwa ziwa. Tangu siku hiyo wazoefu hawalazi kichwa chini ya mti mkavu. Sisi tulitafuta mwamba usio na kigogo karibu, tukafunga kamba za hema kwenye mawe makubwa.

Tulifanya vema. Yapata saa tano za usiku upepo ulikoma ghafla, hata majani hayakutikisika. Mimi nilikuwa macho. Upande wa magharibi palimetameta bila sauti. Nikamwamsha mwanangu, nikamwambia, "Vaa viatu." Hakuuliza kwa nini. Tulipokwisha kuwavika viatu wote wawili, yeye na mtoto, tufani ikafika. Sitaki kuieleza kwa maneno makubwa. Ziwa Nyasa limenionyesha mawimbi, lakini sijapata kukaa ndani ya kitambaa radi ikipiga pande zote nne. Mwalimu alitutoa hemani, akatuchuchumaza mahali pa chini kati ya vichaka vifupi, mbali na miti mirefu, kila mtu amekalia mto wake na hatua kadhaa mbali na mwenziwe, ili radi ikipiga isitupate wote. Mtoto peke yake hakukubali kuachwa, akaja mikononi mwangu. Na ng'ambo ya ziwa tulisikia vile vigogo vyeusi vikianguka: kaa! Kisha kimya kidogo. Kaa! Kaa! Hata sasa nikilala nasikia.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa nyembamba tu, na upepo umehama. Sasa ulitoka kaskazini-magharibi, kutoka Kanada, na ulikuwa baridi kama maji ya kisima. Jana tulikuwa tukitoka jasho. Leo pumzi ya mtu ilionekana. Hivyo ndivyo ilivyo hali ya hewa ya nchi ile: hewa ya joto ya kusini hukutana na hewa baridi ya kaskazini, hupigana usiku mmoja kwa ngurumo, na asubuhi aliyeshinda huketi kwenye kiti.

Hapo palitokea maneno kati yangu na mwanangu. Mwalimu alisema ni vema kukaa siku hiyo kambini. Mwanangu akasema mvua haikupata kumwua mtu, kwamba tumebakiza siku tatu tu kabla hajarudi kazini, na kwamba leo ni lazima tufike Insula. Mimi nilitazama maji. Nilimwambia, "Mwanangu, tukae."

Akasema, "Baba, huku si Nyasa. Ziwa hili mtu anaona ng'ambo."

Nikamwambia, "Ng'ambo ninaiona. Ninayatazama maji ya katikati."

Yeye hakujibu, akaanza kufungua kamba za hema. Nami nikanyamaza. Niliogopa kuiharibu safari yake. Msomaji mwenye mtoto aliye mbali atanielewa: ukimwona baada ya miaka mingi, unapima kila neno kama chumvi ya mgonjwa. Marehemu baba yangu asingenyamaza. Yeye alikuwa kijana mwezi wa Julai mwaka 1946 meli Vipya ilipozama katika ziwa letu, upande wa Nyasaland, kwa mawimbi ya ule upepo wa kusini wavuvi wauitao mwera, wakafa watu 145. Tangu hapo upepo ukibadilika hakujali hasira ya mtu yeyote.

Tulipakia, tukaenda. Upepo ulikuwa ukitupiga ubavuni, na maji ya mawimbi yakiruka juu ya mtumbwi. Aliyekaa mbele ndiye aliyepokea yote, na katika mtumbwi wa mwanangu aliyekaa mbele ni mtoto. Alikuwa na koti la mvua, lakini chini yake alikuwa na lile shati langu la kitenge na suruali ya jinsi, vyote vya pamba, na vyote vilikuwa vimelowa tangu usiku. Baba yake alikuwa nyuma yake. Alichokiona yeye ni mgongo na kofia ya koti.

Baada ya saa moja na nusu tulifika njia ya kubeba iliyo kati ya Ziwa la Nne na Hudson. Mtoto alishuka akajikwaa. Nikamwambia achukue makafi, yakamponyoka mkononi, akayatazama tu. Nikamwita, "Bwana mdogo, unaonaje?" Akajibu neno ambalo halikuwa Kiswahili wala Kiingereza. Nikamshika uso. Midomo yake ilikuwa ya bluu, na alikuwa hatetemeki. Asubuhi nilimwona akitetemeka, sasa ameacha. Nikamwita baba yake kwa sauti ambayo sikuitumia tangu yeye mwenyewe alipokuwa mdogo.

Mwanangu alitupa mtumbwi chini. Alipomwona mtoto, uso wake ulibadilika kuwa wa mtu mwingine: hakulia, hakupiga kelele, akawa muuguzi. Sheria yakataza kupiga hema nje ya mahali palipowekwa, lakini tulilipiga pale pale kando ya njia, kwa dakika chache, mikono ikitutetemeka. Alimvua mtoto nguo zote zilizolowa, akamkausha kwa kumgusagusa taratibu, bila kumsugua, kwa maana alinieleza baadaye kwamba kusugua mikono na miguu ya mtu aliyepoa hivyo kwaweza kuirudisha damu baridi moyoni ghafla. Akamvika kofia na nguo za sufu za mwalimu, zilizokuwa kubwa kama joho. Akamtia katika mfuko wa kulalia, kisha yeye mwenyewe akavua shati, akaingia ndani ya mfuko ule ule, akamkumbatia kifua kwa kifua. Mwalimu alichemsha maji kwa jiko dogo la gesi. Mtoto alipoweza kumeza vizuri, wakampa maji ya moto yenye sukari nyingi, kidogo kidogo.

Mimi sikuwa na kazi. Nilikaa mlangoni mwa hema nikiwa nimeshika lile shati la samaki, nikilikamua. Pamba, aliniambia mwalimu kwa upole, ikilowa hunyonya joto la mwili. Sufu hata ikilowa huhifadhi joto. Watu wa kule wana habari hiyo tangu utotoni. Mwanangu naye aliijua, na asubuhi ya kuondoka alimwambia mtoto avue. Lakini alipoona ni zawadi yangu na mimi natazama, akaacha. Kumbe na yeye alikuwa akipima maneno.

Baada ya muda ambao sikuweza kuupima, mtoto akaanza kutetemeka tena. Sijapata kufurahia kumwona mtu akitetemeka, ila siku hiyo. Baadaye akasema kwa Kiswahili, "Baba, unanibana." Mwanangu akacheka, kisha akageuka ukutani, na mabega yake yakawa yakienda juu na chini, na sisi wengine tukajifanya tunatafuta kitu katika mizigo.

Jioni tuliweza kuhamia mahali halali pa kambi, mwendo wa robo saa, palipokingwa na kilima. Upepo haukupumzika mchana kutwa. Ziwa lilikuwa na vichwa vyeupe kutoka upande huu mpaka ule. Hakuna aliyetaja Insula. Tulikula ugali, ndiyo, ugali, maana mkwe wangu alitutilia unga wa mahindi, na samaki wawili ambao mwalimu aliwavua ukingoni. Mtoto alikula kuliko sisi sote.

Usiku, mtoto akiwa amelala, mwanangu aliniambia, "Baba, ulisema tukae."

Nikamwambia, "Nilisema mara moja. Ningesema mara tatu."

Tukabaki kimya. Kisha akaniuliza kwetu mtu akikamatwa na upepo namna hii hufanyaje. Nikamwambia kwamba haulizwi mtu, huulizwa ziwa: upepo wa mchana hulala usiku wa manane, na kabla jua halijatoka maji huwa yamechoka. Mwalimu, aliyekuwa akisikiliza, alitaka kutafsiriwa. Akasema ndivyo ilivyo na huku. Basi tukakubaliana kuondoka alfajiri, si kwenda mbele, bali kurudi.

Saa kumi na moja na nusu tulikuwa majini. Tulipanga upya: mwalimu peke yake katika mtumbwi mmoja, na mizigo mizito mbele yake ili usinyanyuliwe na upepo, sisi watatu katika mwingine, mtoto katikati, chini kabisa, amefungwa kama furushi. Mimi nilielekea kukaa mbele, pale pa mgeni. Mwanangu akanizuia. "Baba, kaa nyuma wewe."

Kwetu anayekaa nyuma ndiye mwenye chombo. Sikusema kitu, nikakaa.

Ziwa la Nne lilikuwa limetulia, na ukungu ukipanda kutoka majini kwa sababu maji yalikuwa na joto kuliko hewa. Tulipita karibu na wale vigogo. Vingi vilikuwa vimelala majini. Katika Ziwa la Tatu, ambalo ni pana, jua lilichomoza nyuma yetu, na upepo nao ukaamka mbele yetu. Hatukuwa tumefika nusu. Nilimwita mwanangu kwa namna baba yangu alivyokuwa akiniita mimi, kwa kuhesabu makafi, naye akaikumbuka hesabu ile mara moja, miaka kumi na saba na yote. Mawimbi niliyakata kwa mshazari, si kwa uso, na tukijificha nyuma ya kila kisiwa kupumua. Mtumbwi ule mwepesi huyumbishwa na upepo kama jani. Hapo niliutamani sana mtumbwi wa gogo. Mtoto alikuwa akipiga kelele za furaha kila maji yalipoturukia, maana sasa alikuwa mkavu, ndani ya sufu, na hakuogopa kitu. Mwalimu alitutangulia kwa mbali. Mzee yule ana nguvu.

Tulipofika Ziwa la Pili kilima kilitukinga, na yaliyobaki yalikuwa kazi ya kubeba tu. Kabla ya saa sita mchana tuliliona gari letu. Kutoka kuingia mpaka kutoka tulikuwa tumelala usiku tatu tu, na Insula sikuiona.

Kwa kuwa tulikuwa na siku za ziada, tulilala Ely, na kesho yake wakanipeleka kuona nyumba za bibi mmoja mashuhuri wa maziwa yale, Dorothy Molter. Huyo alikuwa muuguzi, kama mwanangu. Aliishi katika kisiwa cha Ziwa Knife kuanzia miaka ya 1930 mpaka alipokufa mwezi wa Desemba mwaka 1986, akiwatibu wasafiri waliojikata kwa shoka au kuchomwa na ndoana, na akiwauzia kinywaji kitamu cha mizizi alichokitengeneza mwenyewe. Serikali ilipotwaa pori, watu walimwombea aachwe akae mpaka kufa. Baada ya kifo chake waliomjua walizibomoa nyumba zake za magogo, wakazivusha juu ya barafu mpaka mjini, wakazijenga tena, na tangu mwaka 1993 ni makumbusho. Mwanangu alisimama muda mrefu mbele ya mkoba wa dawa. Sikumwuliza anawaza nini.

Siku hiyo jua lilikuwa kali na hakukuwa na wingu hata moja, kama kwamba mbingu haikupata kutenda neno. Shati la kitenge lilikuwa limekauka kwenye kiti cha nyuma cha gari. Mjukuu wangu alilitwaa kabla hatujashuka, akamtazama baba yake, kisha akanitazama mimi, akalivaa juu ya sweta la sufu.